Tundu la Ubavuni

4 Februari

Kwako Shemeji Bisibisi,

Salamu sina. Ningekuwa nazo ningempa Breki akuletee kwenye lori lake pamoja na hili boksi, lakini boksi limejaa vyuma na mimi nimejaa hasira, kwa hiyo pokea vyuma.

Mashine ya kukatia vyuma na mawe kwa maji haikati. Tangu uondoke inafanya vituko. Bamba la chuma linakatika vizuri juu, chini limepinda kama limetafunwa. Mchanga unagoma kushuka, mpira wake unaziba, nauzibua, unaziba tena. Maji yanachuruzika kutoka kwenye kichwa cha kukatia na kulowanisha meza nzima. Wafanyakazi wamekaa kwenye benchi wanatazama dari, na mama yenu anawaletea chai kana kwamba ni wageni wa heshima. Nimefungua nozeli nikaiweka humu ndani uione ilivyoliwa.

Wewe ndiye uliyekifungua kichwa hicho mara ya mwisho. Hazikupita siku nyingi ile marumaru ya ukumbi ikapasuka katikati ya ua tulilokuwa tunalichonga, mteja akabeba mawe yake akaondoka, na jina letu akaondoka nalo. Nilisema mbele ya watu wote kwamba ulikiharibu makusudi kwa kuwa ulishapata kazi kwenye karakana kubwa huko uliko. Leo narudia. Sikumung'unya maneno siku ile na simung'unyi sasa.

Usinipigie simu. Kaka yako ameifungia namba yako, nami nimeifungia, na tulifanya hivyo tukiwa na akili timamu. Mara ya mwisho mlipofokeana kwenye simu, pacha wangu walilia mpaka wakatapika. Andika. Kwenye karatasi angalau mtu anamaliza sentensi yake.

Kama una chembe ya utu, niambie ulifanya nini humo ndani nikitengeneze. Sikuombi urudi.

Mke wa kaka yako,
Mama Pacha


6 Februari

Shemeji,

Salamu mimi ninazo, sijafilisika kiasi hicho. Pacha hawajambo? Na mama je? Hakuna hata mmoja wenu anayenieleza habari zake, na yeye mwenyewe hajanitumia hata neno moja la kuuliza kama nimefika salama.

Kichwa sikukiharibu. Nilikifungua, nikakuta sili ya ndani, ile pete ya kuzuia maji yasivuje, imechoka, nikamwambia kaka asimamishe kazi mpaka tununue nyingine. Akasema mteja wa marumaru anakuja kukagua na mashine haisimami. Nikakifunga kama nilivyokikuta. Hayo ndiyo niliyofanya, na kaka anayajua. Siku uliponishushua mbele ya watu alikuwa amesimama nyuma yako anafuta mikono kwa kitambaa. Aliifuta mikono ile mpaka nikadhani ngozi itatoka.

Nitakusaidia kwa sharti moja. Tukishapata kilichokiharibu kichwa, usimame pale pale uliposimama, mbele ya watu wale wale na mbele ya mama, useme kwamba Bisibisi hakuharibu. Kazi yenu siitaki, kaeni nayo. Nataka hilo tu, na ukikataa, nozeli yako narudisha na tusiandikiane tena.

Sasa sikiliza, maana inaonekana miaka yote hii umeitazama mashine hiyo kama mtu anavyotazama televisheni iliyozimwa sauti. Maji yanatoka kwenye pampu na kufika kichwani yakiwa na presha ya kuotea mbali. Pale juu kuna valvu, na ndani ya valvu kuna sindano inayofungua na kufunga njia. Chini ya sindano kuna kito, kijipande cha jiwe gumu chenye tundu jembamba kama unywele. Maji yote yanalazimishwa kupita hapo, ndiyo maana yanatoka kwa kasi ile. Yakitoka yanapita kwenye chumba kidogo, na mpira wa mchanga unaingia humo kwa pembeni. Hapo ndipo mnapojidanganya wote: mchanga hausukumwi na kitu. Kasi ya maji ndiyo inayoufyonza. Kisha maji na mchanga vinaingia pamoja kwenye nozeli, lile bomba refu, vinanyooka, vinakata. Uchawi hakuna.

Nozeli yako imeliwa upande mmoja. Maana yake maji hayashuki wima, yanaipiga ubavuni. Kito kimepasuka au kina uchafu. Maji yakienda kombo, nguvu ya kufyonza inapungua, mchanga unabaki njiani, unalowa, unaziba. Kwa hiyo acha kuuzibua mpira huo kila saa. Mpira hauna kosa.

Ondoa nozeli, funga mchanga, fungulia maji kwa presha ndogo, ukae mbali utazame. Yakishuka kama uzi wa kioo, kito ni kizima. Yakitawanyika kama ufagio, kibadilishe. Kipya nimekiweka humu pamoja na nozeli mpya, na nimevilipia mimi, kwa hiyo usiseme nina roho mbaya. Ukishafunga, chomoa mpira wa mchanga kule kwenye tangi lake uuzibe kwa kiganja: lazima uvute. Kiganja ni hapo tu, kwenye tangi. Karibu na kichwa usipeleke hata ukucha mashine ikiwa na presha. Mwambie na kaka, ingawa ana masikio ya mapambo.

La mwisho. Ubavuni mwa kichwa, karibu na valvu, kuna tundu dogo. Halikuwekwa kwa urembo. Sili ya ndani ikichoka, maji yanayopenya yanatokea hapo, taratibu, bila kumdhuru mtu, ili ujue kuna shida. Mara ya mwisho nilipolitazama lilikuwa linadondosha. Je, sasa linatoa maji? Nijibu hilo kabla ya mengine yote.

Bisibisi


11 Februari, asubuhi

Shemeji,

Asante kwa kito. Nimeandika asante, isome mara moja na usijivune.

Ulisema ufagio, na ulikuwa ufagio kweli. Tulifungulia maji yakatawanyika mpaka kwenye benchi, wafanyakazi wakakimbia na vikombe vyao. Kito cha zamani kimemeguka pembeni, hata kwa macho unaona. Nimebadilisha mwenyewe kwa mikono yangu, na maji sasa yanashuka kama uzi. Mpira wa mchanga unavuta, kiganja changu kilishikwa nikacheka peke yangu kama mwendawazimu. Lakini usidhani nimeanza kukupenda. Kito kinaweza kumegwa na mtu pia.

Umeuliza kuhusu tundu. Ni kavu. Halijatoa hata tone, na mimi nimeanza kuamini sili yako iliyochoka ni hadithi ya kujitetea. Maji yanatokea kwingine kabisa, kule juu kwenye maungio ya valvu, na yanadondokea mpaka kwenye mpira wa mchanga. Yanachuruzika, yanaacha, yanarudi. Jana kaka yako alikasirika, akaiwasha mashine kwa presha yote, akawa anapapasa maungio kwa mkono atafute yanapotokea. Nilimpa maneno yako kuhusu ukucha, akaniambia kichwa hicho alikinunua yeye kabla wewe hujaanza kunyoa ndevu.

Sasa amepata kisingizio. Ati kitu kimemchoma kidole cha shahada kama mwiba. Nimetazama, kuna nukta ndogo, hata damu hakuna. Amemeza dawa ya maumivu akalala. Leo kidole kimenenepa kimekuwa cheupe, anashika kikombe kwa mkono wa kushoto, na spana hataki kuigusa, kazi yote ananiachia mimi. Mwanamume mzima, nukta!

Niambie nifunge nini huko juu maji yakome. Hilo sharti lako bado nalitafakari. Mashine ikate kwanza.

Mama Pacha


11 Februari, mchana

Mpeleke hospitali sasa hivi. Usimalize kusoma, mwinue kwanza.

Nimekupigia kwa simu ya Breki, umesikia sauti yangu ukakata. Breki amepiga mwenyewe, ukadhani ni mimi, hukupokea. Tumetuma ujumbe na sijui kama umeufungua. Mama hana simu. Nimemwambia Breki ageuze lori, asisimame popote, na ukikataa kuifungua barua hii akusomee mlangoni kwa sauti ya kuamsha mtaa.

Ile si nukta. Ni maji ya presha, yamepenya kwenye maungio kama sindano isiyoonekana. Yakiingia chini ya ngozi hayaishii hapo, yanapanda ndani ya mkono na uchafu wake. Nje unaona tobo la mwiba, ndani nyama inakufa. Hii si ya dawa ya maumivu. Ni ya kupasuliwa. Waambie neno kwa neno: amechomwa na maji ya mashine ya kukatia chuma, tangu jana. Wakisema ni kidonda kidogo, kataa. Piga kelele, na kelele unazijua.

Mashine izimeni. Asiiguse mtu.

B.


17 Februari

Shemeji,

Kidole kimekatwa.

Muuguzi wa mapokezi alitaka kumfunga bandeji arudi nyumbani. Nilipiga kelele mpaka walinzi wakaja, na nikaendelea kupiga mbele ya walinzi, mpaka akatokea daktari wa upasuaji. Nilimpa barua yako aisome mwenyewe. Aliisoma amesimama, akamwingiza ndani hapo hapo. Alipotoka alisema kidole kilishakufa, lakini mkono umebaki, na kwamba tungengoja kupambazuke tungeongea habari nyingine. Ujumbe wako niliufuta bila kuufungua. Nimekaa na hilo tangu siku ile na sitaki unifariji.

Ila sikuandikii kwa ajili hiyo.

Jana nimerudi karakana nikakifungua kichwa chote, kipande kwa kipande, kwa kufuata maneno yako. Nikafika kwenye tundu lako la ubavuni. Unajua kwa nini lilikuwa kavu? Limezibwa. Skrubu ndogo imesokomezwa ndani, ikamiminiwa gundi ya chuma, ikapakwa rangi ya kijivu juu ili isionekane. Sili nyuma yake imechanika kabisa. Maji yalikosa pa kutokea yakaenda kutafuta njia kwenye maungio, na huko yakamkuta kaka yako.

Nani katika karakana hii ana skrubu ndogo kiasi kile? Nani anaitwa Bisibisi? Uliziba, ukaondoka, ukatuachia bomu juu ya meza! Na unathubutu kuniwekea masharti, nisimame mbele ya watu nikusafishe! Umemkata kidole kaka yako wa tumbo moja. Nitasimama mbele ya watu, ndiyo, lakini utakayoyasikia hutayapenda.

Mama Pacha


19 Februari

Shemeji,

Soma taratibu.

Mimi ndiye niliyekuuliza kama tundu linatoa maji. Nilikwambia ujibu hilo kabla ya mengine yote. Mtu azibe tundu kwa siri, alipake rangi, kisha akuandikie barua ya kukuelekeza lilipo? Hasira imekula akili yako yote au kuna kidogo imebaki?

Skrubu zangu niliziacha kwenye kopo, juu ya rafu, kila mtu anachota. Gundi ya chuma inakaa kwenye kabati la ofisi, na ufunguo wa kabati hilo sikuwahi kupewa, kwa sababu ninyi mliogopa nitaiba drili. Rangi ya kijivu ni ile mliyopakia geti la nyumba yenu. Nimekwambia kwamba mara ya mwisho nilipolitazama lilikuwa linadondosha, na nilimwambia kaka mwenyewe tundu hilo lisiguswe, kwa sababu alikuwa analalamika linachafua marumaru kabla mteja hajakagua.

Sasa nenda ukakae kwenye ukingo wa kitanda chake, umtazame machoni, umuulize. Nimesikitika kwa kidole chake mpaka nimeshindwa kula. Lakini nimetukanwa kwa ajili yake, nimefukuzwa kwa ajili yake, na sasa unataka niwe nimemkata kidole vilevile kwa ajili yake. Imetosha. Nimechoka kuwa pipa la taka la nyumba ile.

Muulize mama akiwepo. Nataka na yeye asikie.

Bisibisi


24 Februari

Shemeji wangu,

Nilifanya ulivyosema. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda. Mama alikuwa upande wa pili anamenya chungwa. Nikamuuliza mume wangu, nani aliziba tundu la kichwa? Akageukia ukutani. Nikauliza tena, kwa sauti ile unayoijua, wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka kutusikiliza. Akajifunika shuka mpaka kichwani kama mtoto mwenye homa.

Aliyejibu ni mama. Hakuacha hata kumenya. Alisema, "Mwache mgonjwa apumzike. Ni yeye. Mimi ndiye niliyemshikia tochi."

Sikuelewa, akanieleza tangu mwanzo. Ilikuwa asubuhi ya kuja mteja, wafanyakazi hawajafika. Alimpelekea chai akamkuta amejikunja chini ya kichwa na skrubu mdomoni, haoni vizuri. Akamwambia, mama, nimulikie hapa. Akamulika. Anajua ni tundu gani, anajua rangi ilipakwa kwa kijiti cha aiskrimu. Halafu alikuwepo, shemeji. Marumaru ilipopasuka, niliposimama pale kukuchana mbele za watu, alikuwa kwenye benchi, birika mkononi. Nilimuuliza kwa nini alinyamaza. Akasema, "Yule mdogo hana mke wala mtoto, na mikono yake inapata kazi popote. Huyu angeaibika mbele ya watu wake angebaki na nini? Nilijua mdogo ataelewa."

Nimemwachia chungwa lake nikatoka. Nilishuka ngazi za hospitali nikilia kwa hasira, watu wakinipa pole wakidhani nimefiwa. Sijui nimkasirikie nani kwanza. Mume wangu amenifanya nikutukane kwa mdomo wangu, akakaa nyuma yangu anafuta mikono. Na mimi nilivyokuwa mwepesi! Sikuuliza hata swali moja.

Sharti lako nimelitimiza. Jana asubuhi nilisimama pale pale, karibu na meza ya mashine, watu wale wale mbele yangu, mama kwenye benchi. Nilisema, Bisibisi hakuharibu kichwa. Alitwambia tusimamishe kazi tukakataa. Tundu lilizibwa na mume wangu, na mimi nilimsingizia mtu asiye na hatia, na ninyi nyote mlinisikia, sasa nisikieni tena. Mwendeshaji wa pampu alivua kofia. Mama hakuinua macho, alikuwa anasuuza vikombe.

Nakuomba msamaha. Ukitaka kunitukana, nitukane, nitakusoma mpaka mwisho. Namba yako nimeifungulia. Kaka yako ameniambia nikwambie urudi, kichwa kiwe chini yako, yeye hataki hata kukiona. Nikamwambia akwambie mwenyewe, mkono wa kushoto anao.

Mama pia anasema uje nyumbani. Anasema yaliyopita yamepita.

Shemeji yako,
Mama Pacha


27 Februari

Kwa Mama,

Shikamoo.

Nimemwambia shemeji asikusomee. Vaa miwani, kaa mahali penye mwanga, usome mwenyewe.

Nitakuja Jumamosi na Breki. Nitafunga sili mpya, nitalizibua tundu, na nitamfundisha shemeji namna ya kulitazama kila asubuhi kabla hajawasha pampu. Nafanya hivyo kwa sababu kuna watu wanasimama karibu na kichwa kile ambao hawajanikosea. Mwambie kaka nampa pole, na asiiloweshe bandeji. Nikimaliza nitarudi na lori lile lile. Chakula changu msihangaike nacho.

Shemeji ameniomba msamaha na nimempa. Yeye alisema uongo akidhani ni kweli. Kaka nitamalizana naye tukiwa wawili, pengine tutapigana, atatumia mkono mmoja na mimi nitatumia mmoja.

Lakini wewe, mama. Siku ile shemeji alipokuwa ananichana, sikuwa namtazama yeye. Nilikuwa nakutazama wewe. Nilikuwa nangoja uweke birika chini useme, mwanangu hawezi kufanya hivyo. Neno moja tu, hata kama huna uhakika. Hukusema. Nikabeba begi langu nikijiambia, mama hajui mambo ya mashine, mama ametishika, mama amedanganywa kama wengine. Huku nilipo nimedharauliwa, nimeanza upya chini kabisa, nafagia mchanga wa mafundi niliowazidi kazi, na kila nilipotaka kukata tamaa nilijifariji kwa hilo: siku ukweli ukijulikana, mama atafurahi kuliko watu wote.

Ndiyo maana nilidai usemwe mbele yako. Sikuwa na shida na wale wa kwenye benchi. Nilitaka wewe usikie.

Unasema ulijua nitaelewa. Naelewa, mama. Ulikuwa na watoto wawili na tochi moja. Nimeelewa vizuri sana, na naumia kuliko nilipokuwa sielewi.

Jumamosi nikiwa kazini usiniletee chai.

Mwanao mdogo